Mume Aliyerudi Kukagua Ngozi

Mume wangu alirudi nyumbani mwezi uleule ambao daktari alisema ngozi yangu imepata nafuu kubwa. Majirani wa Same wakasema Mungu amejibu maombi. Mimi nilijua aliyempelekea habari ni nani, na hakuwa Mungu. Alikuwa mama yake, aliyeniona kanisani siku ya mavuno nimevaa blauzi ya mikono mifupi, akampigia mwanawe simu huko Makanya alikohamia kabla hata mnada wa ndizi na kuku haujaisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa juu, Upare wa kusini, kwa watu wa tangawizi na maharage, nikaolewa nikashuka mjini kwenye joto na vumbi. Ugonjwa ulinianza watoto wetu wakiwa wameshakua na kwenda kutafuta maisha yao. Ulianza kwenye viwiko, mabaka mekundu yenye magamba meupe kama nta ya mshumaa iliyoganda. Ukahamia magotini, ukapanda kichwani, mwisho ukachukua mgongo. Muuza duka la dawa aliniambia ni fangasi, akaniuzia tyubu baada ya tyubu, na kila moja iliposhindwa alinitazama kana kwamba nimeipaka vibaya. Jamaa mmoja aliyekuwa akinadi dawa za chupa stendi kwa kipaza sauti aliniambia damu yangu ni chafu. Alikuwa na kucha ndefu nyeusi. Ilichukua muda mrefu kabla sijafika kwenye kliniki ya ngozi, safari ya basi kutoka Same, nikaambiwa jina lake: soriasisi. Haiambukizi. Haiishi moja kwa moja, lakini inatulizwa.

Nilirudi na habari hiyo kwa mume wangu nikidhani nimemletea zawadi. Haiambukizi, nikamwambia. Akasema, "Ndivyo wanavyosema."

Alikuwa mtu wa usafi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyojieleza mwenyewe kwa watu. Kila asubuhi alifagia upande wake wa shuka kwa kiganja, bila kunitazama, kama mtu anayepangusa makombo ya mkate mezani. Baadaye akaanza kulala kwenye kochi, eti mgongo unamsumbua. Kisha akanunua ndoo yake ya kuogea na kopo lake. Mwisho akapata kazi ya kusimamia malori kwenye machimbo ya jasi Makanya, akahama kabisa. Nilicheka siku niliyoelewa maana yake. Mwanaume aliyekimbia unga mweupe wa ngozi ya mkewe alikwenda kuishi kwenye machimbo ya jasi, ambako unga mweupe unaingia masikioni, kwenye chai na kwenye mto wa kulalia. Huo haukumkera. Ulikuwa unga wa mwajiri.

Mama yake alikuwa mjanja kuliko yeye. Nilipokwenda kumsalimia aliniitikia marahaba kwa sauti ya upole, akawamiminia wengine chai kwenye vikombe vya udongo, mimi akanipa kikombe cha plastiki.

"Hiki ni chepesi, mwanangu," alisema. "Hakitakuchosha mkono."

Nilikunywa. Mkono uleule aliouonea huruma ulikuwa umeshona magauni ya kwaya nzima ya kina mama, pamoja na la kwake.

Wateja nao hawakukosa maneno. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alishika kitambaa chake kwa vidole viwili akaniuliza, "Fundi, ukimaliza gauni utalifua?"

"Nitalipiga pasi," nikamjibu.

Alikipeleka kitambaa kwa fundi mwingine. Akarudi baadaye na gauni lenye mikono iliyopinda, anataka nirekebishe. Nilirekebisha. Sikumwambia karibu tena.

Kwenye kliniki nilimkuta daktari kijana, nadhifu, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Alinieleza kwamba dawa lazima ipimwe, la sivyo hatutajua kama inafanya kazi. Kiganja changu pamoja na vidole, alisema, ni kama asilimia moja ya ngozi yangu yote, kwa hiyo atahesabu mabaka yangu ni viganja vingapi. Alihesabu mgongo wangu kama mtu anayepima kiwanja kwa hatua. Kisha akatoa alama za wekundu, alama za unene wa mabaka, alama za magamba. Nilikuwa nafeli kila somo, na yeye alifurahi, kwa sababu aliyefeli sana ana nafasi kubwa ya kupanda.

Baada ya ngozi ilikuja zamu ya maisha. Hayo aliyapima nesi, mama wa makamo aliyechoka, mwenye karatasi ya maswali. Wiki iliyopita umewashwa kiasi gani? Umeona aibu? Ugonjwa umekuzuia kwenda sokoni? Umechagua nguo kwa sababu ya ngozi? Umekuzuia michezo? Nikamuuliza michezo gani. Akatazama karatasi, akanitazama mimi na khanga yangu, akapita.

"Na mwenzi wako je? Wiki iliyopita ugonjwa umeleta shida kati yenu?"

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Amehama."

"Kwa sababu ya ngozi?"

"Kwa sababu ya tabia yake, sista. Ngozi ilimpa kisingizio."

Akashusha kalamu chini ya orodha. "Basi naweka haihusiki."

"Haihusiki ina alama ngapi?"

"Sifuri," alisema. "Sifuri ndiyo nzuri. Ina maana hakuna shida."

Kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi ile, mwanamke aliyekimbiwa alikuwa na hali bora kuliko mwanamke anayegombana na mumewe. Niliidharau karatasi siku ile, nikamdharau aliyeitunga, ambaye nilimwona akilini kama mtu mwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Ilinichukua muda kukubali kwamba katika swali lile moja, kwa bahati tu, karatasi ilikuwa imepatia.

Walinipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, vilivyonifanya nichukie harufu ya chakula siku nzima inayofuata, na mafuta meusi yanayonuka kama barabara inayowekwa lami. Walinitoa damu mara kwa mara kuangalia ini. Nilivumilia, na dawa ikafanya kazi. Sina dharau kwa dawa. Magamba yalipungua, wekundu ukafifia, mgongo ukabaki na madoa kama kivuli cha majani. Daktari alinipiga picha mgongoni akamwita mwenzake wa chumba cha pili.

"Huyu ndiye mama niliyekwambia," alisema, na yule mwenzake akaitikia kwa kichwa kuupongeza mgongo wangu. Uso wangu hakuna aliyeuangalia.

Ndipo ikaja siku ile ya mavuno, na simu ya mama mkwe, na siku chache baadaye mume wangu akasimama mlangoni pa kiduka changu cha kushonea na mfuko wa sukari mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Macho yake yalitua kwenye viwiko vyangu kabla hayajafika usoni.

"Habari za siku nyingi?" alisema.

"Nzuri. Karibu."

"Naona umependeza."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka sukari juu ya kitambaa cha mtu, akavuta pumzi.

"Na mgongo?"

"Mgongo una nini?"

"Nao umepona?"

Kulikuwa na mzee wa Kimasai kutoka mbugani anayesubiri nimalizie pindo la shuka lake. Aliinamisha kichwa akatazama makubazi yake ya matairi. Nadhani aliona haya kwa niaba yetu. Ng'ombe mnadani hukaguliwa kwa adabu kuliko ile. Mnunuzi angalau huanza kwa kuuliza mwenye ng'ombe ameamkaje.

"Umekuja kuniona au kuniangalia?" nilimuuliza.

"Kwani kuna tofauti gani?" alisema, na naamini hakuijua.

Hakurudi Makanya, alifikia kwa mama yake, na mimi sikumfukuza, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshaitana. Kikao kilifanyika juu milimani kwa kaka yangu, mtu mzuri ambaye udhaifu wake ni kupenda mambo yaishe kabla hayajaanza. Wifi yangu alipika makande, akatuwekea, akarudi jikoni kwake. Upande wa mume wangu alikuja mjomba wake, mzee mwenye koti la suti na sauti ya kusoma matangazo ya kanisani.

"Mke alikuwa mgonjwa, amepona," mjomba alisema. "Mume alikuwa mbali, amerudi. Mimi hapa sioni kesi."

Kaka yangu aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa makande.

Nikamgeukia mume wangu. "Ulikuwa wapi wakati ninaumwa?"

"Kazini."

"Kazi ni kazi," mjomba akaongeza, kana kwamba ametoa hoja.

Hapo mume wangu akakohoa akasema ana ombi dogo. Asingependa kurudi kisha mambo yaharibike tena. Angependa kwenda mwenyewe kliniki, asikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari kwamba ugonjwa umekwisha. Wote wakanitazama wakitegemea nitakasirika.

"Ni haki yake," nilisema. "Tutakwenda pamoja."

Mjomba alinisifu kwa unyenyekevu. Hakukuwa na unyenyekevu wowote. Nilijua daktari atasema nini.

Kusubiri siku ya kliniki, mume wangu alihamia nyumbani. Sikuwahi kuishi wiki ndefu kama zile. Asubuhi alinitazama shingo nikifunga kilemba. Nikipita, macho yake yalifuata nyuma ya magoti. Alitaka taa iwake wakati wa kuvua nguo, na haikuwa kwa mahaba. Akinigusa alinigusa kama mtu anayejaribu kama rangi ya ukuta imekauka. Nilianza kuvaa mikono mirefu tena kwenye joto la Same, nikiwa na ngozi nzuri kuliko niliyokuwa nayo kwa miaka. Mbu aliniuma sikujikuna. Usingizi ukanihama. Kule dukani nilishona suruali moja ya sare ya shule miguu yote miwili ya kulia, kosa ambalo sikulifanya hata nilipokuwa najifunza kazi.

Siku ya kliniki ilipofika alivaa shati jeupe. Daktari alinikagua, akahesabu, akatabasamu. Karibu hakukuwa na cha kuhesabu. Alimpa mume wangu mkono akasema, "Familia ikishirikiana, mgonjwa anapona haraka," na mume wangu akapokea sifa hiyo bila kupepesa.

Kisha nesi akachukua karatasi yake. Mume wangu alibaki amekaa pembeni yangu. Hakuna aliyemwambia atoke. Tulipita kuwashwa, tukapita aibu, tukapita michezo.

"Mwenzi wako," nesi alisema, akamtazama kwa furaha, maana safari hii alikuwepo. "Wiki iliyopita ugonjwa umeleta shida kati yenu?"

"Hapana," mume wangu akajibu. "Sasa tuko vizuri kabisa."

"Andika ndiyo," nikamwambia nesi. "Sana."

Kalamu ikasimama. "Lakini mama, ngozi yako ni safi."

"Hukuniuliza ngozi. Umeniuliza mwenzi."

Aliandika. Nikamrudisha kwenye nguo, nikamwambia andika sana, navaa mikono mirefu. Alipouliza kazi, nikamwambia andika sana, naharibu sare za watoto. Aibu pia nilimrudisha, nikamwambia abadilishe, kwa sababu nilikuwa nimeitikia vibaya. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Nesi alikwenda na karatasi kwa daktari, na daktari akarudi nayo amekunja uso.

"Mama, hizi haziendani," alisema. "Ngozi imepona, maisha yameharibika. Mwanzo ulikuja na mabaka mgongo mzima na alama zako za maisha zilikuwa nzuri kuliko leo. Labda maswali hukuyaelewa vizuri?"

"Nimeyaelewa. Mwanzo nilikuja peke yangu."

Kijana yule hakuwa mjinga. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaweka karatasi mezani kifudifudi. Nilimpa alama yangu kwa hilo, moja, ya kwanza.

Mume wangu alisimama. Jambo lile lilimpita pembeni. Alikuwa na shida yake. "Daktari, mimi nilikuja kwa swali moja tu. Umeisha?"

"Umetulia," daktari alisema. "Soriasisi haiishi kabisa, mzee. Inaweza kukaa kimya muda mrefu, halafu ikarudi."

"Irudi kwa sababu gani?"

"Baridi, maambukizi ya koo, kuacha dawa. Msongo wa mawazo pia." Hapo alitazama karatasi iliyolala kifudifudi.

"Lini?"

"Hakuna ajuaye."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeuziwa lori lenye injini iliyopakwa rangi. Nimeolewa naye zaidi ya nusu ya maisha yangu na huo ndio mtazamo wa kweli kuliko yote aliyowahi kunipa. Hakukuwa na chuki ndani yake. Alikuwa anapiga mahesabu ya matengenezo.

Kwenye basi la kurudi, tulipofika Lembeni, wauza ndizi wakigonga madirisha, aligeuka akaniambia kuna lori limeharibika Makanya, amepigiwa simu, itabidi aunganishe moja kwa moja. Nikamwambia pole. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi, na ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliitoa nikampa. Aliipokea, akaiangalia, akaiweka mfukoni. Hata kuona aibu kulimshinda.

Nilishuka Same peke yangu. Kopo langu la mafuta meusi lilikuwa limebaki juu kwenye rafu. Akalichukua akanipitishia dirishani, amelishika ukingoni kwa ncha za vidole.

"Safari njema, baba," nilimwambia, na nilimaanisha kila neno.

Nililala usiku ule mpaka jua likanikuta kitandani.

Waliofuata walikuwa wapatanishi. Mama mkwe alikuja akalia kidogo, akasema mwanawe ana roho nyepesi. Nilikubaliana naye kuhusu uzito wa roho. Mjomba alituma neno kwamba nilimwaibisha mume mbele ya watu wa nje. Mzee wa kanisa alikuja dukani, akakaa kwenye kiti kilekile cha wateja, akasema kwa upole kwamba labda ningeweza kumjibu nesi kwa busara zaidi, kwa kuwa mambo ya ndani ni ya ndani.

"Mzee, wewe umewahi kulala chumba kimoja na mkaguzi?" nilimuuliza.

Alitafakari swali kwa dhati, kama walivyo watu wa aina yake, kisha akasema hapana.

"Basi niombee," nikamwambia, nikaendelea na pindo.

Kaka yangu ndiye aliyechelewa kuelewa. Aliniambia kwenye simu kwamba nimemfukuza mume aliyerudi mwenyewe kwa miguu yake. Nikamkumbusha kwamba ameondoka pia mwenyewe, tena kwa basi. Akauliza kama cherehani yangu ingali inafanya kazi, maana mkewe ana mapazia. Hapo nikajua tumesameheana. Mume wangu mpaka leo yuko Makanya. Wanasema anaishi na mwanamke mwenye ngozi laini. Namwonea huruma huyo mwanamke, kiasi. Akipata hata chunusi ataijua safari inayomsubiri.

Ugonjwa ulirudi, kama daktari alivyosema. Ulirudi msimu wa baridi, nilipopanda juu kumsaidia kaka yangu kuvuna tangawizi na ukungu haukutoka bondeni siku nyingi. Viwiko kwanza, kisha sehemu ya mgongo. Niliporudi kliniki daktari alihesabu viganja vyake akasikitika, maana mgonjwa wake wa picha alikuwa ameshuka. Nesi akauliza maswali yake. Nililala vizuri, nilivaa nilichotaka, nilikwenda sokoni, sikumwonea mtu haya. Mwenzi: haihusiki. Daktari alitazama karatasi mbili, ile ya ngozi iliyoharibika na ile ya maisha yaliyonyooka, akazisogeza mezani huku na huku.

"Sasa mimi niandike dawa imefaulu au imeshindwa?" aliuliza. Hakuniuliza mimi hasa.

"Niongezee mafuta," nilimwambia. "Yaliyobaki hayafiki mwezi ujao."

Aliniongezea. Akaniuliza pia kama ninakula vizuri na kama viungo vya vidole vinauma asubuhi, maana ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye viungo, na fundi asiye na vidole amekwisha. Hilo halikuwa kwenye karatasi yake yoyote. Nikamwambia bado haviumi. Nikampa alama ya pili.

Mwezi uliofuata nilipanda tena milimani na mapazia ya wifi. Baridi ilikuwa kali na sehemu ya katikati ya mgongo nilikuwa siifikii. Nilikuwa nimekaa jikoni karibu na moto, najipinda na kopo mkononi, wifi alipoliona akaninyang'anya. Alinivuta blauzi juu kama anamwogesha mtoto, akachota mafuta kwa vidole vitatu na kuanza kupaka, huku ananilalamikia kuhusu mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye migomba yake mara ya pili na mwenye mbuzi kujifanya haoni.

"Yananuka haya," alisema akifika kwenye mabega.

"Najua."

"Mbuzi angepakwa haya asingekanyaga shamba la mtu. Inama kidogo, sioni huku chini."

Nikainama.